Bi Ngedere na Jua la Kileleni

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mlima, na mlima una baridi yake. Sogeeni karibu, mwenye mtoto ampakate.

Hapo zamani za kale, Bi Ngedere aliharibikiwa na mimba mbili. Ya tatu akazaa mtoto, mtoto akaishi. Alimpenda kupita kiasi.

Kwa ngedere, mtoto akitimiza siku arobaini hutolewa nje alfajiri, aonyeshwe jua. Wote hutolewa mlangoni kwao. Bi Ngedere akakataa. "Wangu ataliona kabla ya wenzake. Jua hufika kileleni kwanza. Nitalala huko huko, linikute."

Akambeba, akapanda. Msitu unapoishia akamkuta Mbega.

"Shoga, waenda wapi jioni hii?"

"Kulala kileleni."

"Mimi na manyoya yangu yote haya, huko silali. Rudi!"

"Wivu huo!" Akapanda.

Penye mawe akamkuta Pimbi. "Dada, huko juu hakuna kuni wala pango. Sisi wenyeji hubanana ishirini shimoni ndipo tupate joto. Lala kwetu, upande alfajiri."

"Na nikichelewa?" Akapanda. Sikio la kufa halisikii dawa!

Kileleni akamkuta nani? Upepo tu. Huo haukumwonya.

Upepo ukaja mara ya kwanza, akamfunika mtoto kwa mikono. Ukaja mara ya pili, mtoto akalia, mama akamkumbatia kifuani. Giza nene, njia haionekani, ashuke vipi? Ukaja mara ya tatu, na barafu. Mtoto akanyamaza.

"Amelala," akasema mama.

Amelala! Jamani, kina mama, mnajua alivyolala.

Jua likachomoza. Kweli, lilifika kileleni kwanza. Bi Ngedere akamwinua mtoto kwa mikono miwili. "Tazama, mwanangu! Tazama!"

Macho hayakufumbuka.

Pimbi alisikia kilio, akapanda, akamshika mkono. Wakashuka, mama amembeba mwanawe. Walipofika bondeni, jua lilikuwa limekwisha kufika. Limekaa mlangoni kwake, kama siku zote.

Basi sikilizeni. Mwenyeji akikwambia hapa halali mtu, usilale. Na jambo litakalokujia lenyewe nyumbani, usilifuate kwenye hatari.

Hadithi yangu nimeiacha huko baridini. Sisi tufunge mlango, tulale na wetu.