Mtia Nili Aliyefundishwa na Kipofu

Wamepokezana watu wa soko la watia rangi, mkubwa akimsimulia mdogo, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, zama za wema waliotangulia, aliishi mja wa Mwenyezi Mungu aitwaye Khuzaima bin Rafii. Kazi yake ilikuwa kutia nguo rangi ya nili. Alikuwa na karakana ndogo yenye mitungi mitatu iliyochimbiwa ardhini, na watu wanne chini ya mkono wake. Alikuwa mcha Mungu, hapunji, haapi sokoni, wala hacheleweshi ujira wa mtu. Ila hakuwa na subira hata chembe na mtu anayeuliza jambo lililokwisha kusemwa.

Tabia hiyo ilikuwa na asili yake. Marhumu baba yake alipofuka macho, Khuzaima akiwa bado hajabaleghe, na ufundi wote akamrithisha kwa ulimi. Mzee akiketi mkekani, husema neno mara tatu, kisha humtaka mwanawe alirudie. Khuzaima akawa mtu asiyesahau. Aliporithi karakana akafuata mwendo uleule: baada ya sala ya alfajiri huwakusanya watu wake, huwasomea kazi ya siku mara tatu, basi. Atakayeuliza zaidi ni mvivu au ana kiburi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hao hawakupata kufanya kazi kwa Khuzaima.

Miongoni mwa wale wanne alikuwamo Sahmu bin Uqba, mtu wa shamba, mzito wa maneno. Haachi kuinama mtungini, achovye kidole, anuse, atazame povu. Na kila mara ombi lake lilikuwa moja: "Bwana wangu, nionyeshe."

"Nimekwambia mara tatu," Khuzaima humjibu. "Wataka nikuchoree?"

Msimu wa baridi ulipokaribia, nyumba ya wasafiri iliyo nje ya lango la mji ilileta mablanketi arubaini ya sufu yatiwe nili. Mvua zilikuwa karibu, na Khuzaima akaamuru yachovywe siku ileile. Sahmu akainua kichwa kutoka mtungini. "Bwana, povu halijawa, rangi haitashika." Khuzaima akamwambia achovye, naye akachovya.

Mvua ya kwanza ilipowalowesha wasafiri, walijifunika yale mablanketi, wakaamka na shingo za buluu. Msimamizi wa nyumba ile, mtu mzima mwenye heshima zake, akaja sokoni na ndevu za buluu, watu wasijue wamsalimie au wacheke.

"Ewe Khuzaima," akasema, "tulitaka utie rangi mablanketi, si waja wa Mungu."

Soko zima lilikuwa likisikiliza. Khuzaima akahisi uso unamwaka, na ulimi ukaitangulia akili. "Ni kazi ya Sahmu," akasema. "Huyu hafundishiki."

Soko lile lilikuwa na ada yake. Aliyeharibu nguo kwa uzembe, vazi lake la kazi hutundikwa mlangoni mwa soko, na hapana karakana itakayompokea mpaka aliyelitundika alishushe kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu, na aseme sababu. Kabla ya adhuhuri Khuzaima alikuwa amekwisha kulitundika vazi la Sahmu. Sahmu hakubishana. Alikwenda hamamu ya mji, nyumba ya kuogea watu, kuomba kazi ya kulisha tanuru kuni, kwa kuwa alikuwa na mama mzee wa kumtunza.

Khuzaima akaapa moyoni kuyarudia mablanketi yeye mwenyewe. Akafuata maneno ya baba yake, moja baada ya jingine: majivu kiasi hiki, chokaa kiasi hiki, maji yawe na joto la kuogesha mtoto. Akachovya, akaanika, akasugua kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikawa buluu. Akajaribu mtungi wa pili, mambo yakawa yaleyale.

Akawageukia watu wake. "Miaka yote hii rangi ilikuwa ikishika. Nani aliyekuwa akijua kwamba mtungi umekuwa tayari?"

Wakatazamana. Mmoja wao, Anbasa, akajikaza. "Bwana, wewe ukishatusomea na kuondoka, Sahmu hutuambia ngojeni, au hutuambia haya. Sisi twamsikiliza yeye."

Tangu hapo Khuzaima hakutulia. Akiketi anasimama, akitoka njiani anasahau aliendea nini. Tasbihi inakatika katikati. Siku moja aliswali adhuhuri rakaa tano, ikabidi asujudu sijda ya kusahau, yeye ambaye hakuwa akisahau. Neno moja tu ndilo lililokataa kumtoka: "Bwana, povu halijawa." Alikuwa amelisikia, na alijua kuwa amelisikia, na mtu mwingine alikuwa akibeba kuni kwa ajili yake.

Mkewe, Bibi Lubaba, alichoka kumtazama. "Mume wangu, umeingia na kutoka mara ngapi leo? Keti."

"Siwezi."

"Baba yako alijuaje kwamba mtungi umekuwa?"

"Alinusa. Aliinamisha sikio akalisikiliza povu."

"Na zamani, alipokuwa akiona?"

"Hakupata kuniambia," akasema Khuzaima.

"Alikufundisha kwa ulimi kwa kuwa macho yalikuwa yamekwenda. Ule ulikuwa udhuru wake, nawe umeufanya sheria ya watu."

Maneno yale yalimchoma, akakasirika, akatoka nje bila viatu.

Akamwendea amini wa soko, mzee anayesimamia mafundi, kutaka shauri. Amini akamnong'oneza, "Usilikoroge. Watu wakisikia kwamba mwenye karakana haujui mtungi wake mwenyewe, watapeleka nguo zao kwingine. Mwite Sahmu kimyakimya, umpe kazi ya uani. Lile vazi litaoza lenyewe." Lilikuwa shauri tamu, na Khuzaima alilila siku tatu nzima, akiingia sokoni kwa mlango wa nyuma asilione vazi.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Watu walipokuwa wakitoka msikitini, Khuzaima alikwenda mlangoni mwa soko, akalishusha vazi mbele yao.

"Enyi waja wa Mungu," akasema, "mablanketi niliyaharibu mimi. Sahmu alinionya, nikamlazimisha, kisha nikamsingizia. Na jueni kwamba mimi mtungi siujui kwa macho. Nilidhani najua."

Mtu akacheka. Wanawake wawili waliokuwa wamemletea nguo wakaenda kuzichukua palepale, naye akawaona wakipita nazo.

Akalibeba vazi mpaka hamamuni. Sahmu alikuwa mweusi kwa masizi, na hakuacha kusukuma kuni.

"Nisamehe, Sahmu."

"Siku ile nilisema nawe, bwana."

"Nilikusikia. Laiti nisingekusikia, ningekuwa na udhuru."

Sahmu akalitazama lile vazi mkononi mwa Khuzaima. "Mama yangu hupita mlango ule wa soko kila siku akienda kisimani. Kamwombe yeye kwanza."

Khuzaima akaenda. Yule bibi alimsikiliza amesimama mlangoni, asimkaribishe ndani. Kisha akanyoosha mkono, akalipokea vazi, akalikagua mshono kwa mshono. "Nililishona mimi," akasema. "Nilimwambia, mwanangu, sasa wewe ni fundi." Khuzaima akalia machozi ya haya, hapo hapo barazani kwa watu, mpaka bibi mwenyewe akamwambia, "Inatosha. Mola atusamehe sote."

Sahmu akarudi kazini. Asubuhi ile Khuzaima hakusoma kazi ya siku. Alimuuliza kila mmoja jambo humwingiaje akilini. Anbasa akasema yeye mpaka akosee. Mwingine akasema aambiwe peke yake, si mbele ya wenziwe. Wa tatu akasema, kwa haya, kwamba yeye maneno yanamtosha. Kisha Khuzaima akainama mtungini kando ya Sahmu kujifunza kutazama. Wanasema ilimchukua misimu miwili ya baridi, na kwamba alinung'unika karibu kila siku.

Nawe ndugu yangu, pengine una watu watatu tu dukani kwako, na unajiona hujafika daraja la kuitwa kiongozi. Watu watatu ni amana, na dhulma haingoji wawe mia. Kabla hujatamka kwamba fulani hafundishiki, jiulize wewe ulifundishwa na nani, na mwalimu wako alikuwa amekosa nini.