Mfupa wa Atupele

"Mfupa uliolainishwa mno haushiki rangi." Jirani yetu Mama Syabumi hudai methali hii ilitoka jikoni kwake, siku aliyochemsha makongoro hadi mifupa ikawa uji na mumewe akasusa kula. Chekeni tu, wadogo zangu, lakini haikuanzia kwenye sufuria. Ilianza na dada yenu Atupele, ambaye ninyi hamkuwahi kumwona.

Alivimba juu ya goti. Daktari wa hospitali ya mkoa akautoboa mfupa, akatoa kipande kama punje ya hindi. Akasema uvimbe ule ungeweza kuwa wa aina mbili zinazofanana machoni: moja hutibiwa kwa dawa za dripu, nyingine hutaka mguu ukatwe. Ili kuzitenganisha, maabara hupaka rangi ya kingamwili, ambayo hung'ang'ania seli za aina moja na kuziacha nyingine.

Lakini rangi hupakwa kwenye vipande vyembamba, na mfupa mgumu haukatiki. Fundi wa maabara, Mzee Ambakisye, akauloweka kwenye asidi, akawa anauchoma sindano kila asubuhi kupima kama umelainika. Mimi nilikuwa kwenye benchi la mlangoni, nangoja majibu. Siku ya tatu niliona sindano ikipita kama kwenye ndizi mbivu, naye akarudisha kifuniko.

"Mzee, si umeshalainika huo?"

"Dada, umeishia la saba, leo unanifundisha mifupa? Kisu changu butu, hakikati hata mkate. Acha ulainike."

Nikarudi kwenye benchi. Mfupa ukalowekwa wiki nzima. Kisu kikateleza vizuri, vipande vikatoka vyembamba, akajisifu. Lakini rangi ilipopakwa haikushika popote. Asidi ilikuwa imekula kile ambacho rangi hushika, na punje yenyewe ilikuwa hiyo moja.

Akamwandikia daktari kwamba kipande kilikuwa kidogo mno. Tukapangiwa kurudi baada ya wiki sita, atobolewe upya. Wiki ya tano Atupele akaanza kukohoa damu. Ya sita tukamzika, na miguu yake yote miwili.

Msiba ulipokwisha, Mama alinichukua tukaenda maabara, na daftari mkononi.

"Baba, sikuja kugomba," akamwambia Mzee Ambakisye. "Niandikie tu jina la kilichomuua mwanangu. Nyumbani wanasema shangazi yake kamroga."

Mzee alishika kalamu. Akaiweka.

"Mama, kosa ni langu. Mfupa uliolainishwa mno haushiki rangi."

"Nimesikia, baba. Na jina je?"