Pale Walipobaki Wawili

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yaani kitu kizuri hakihitaji kupigiwa debe. Kiweke tu, wenye masikio watakifuata wenyewe. Unabisha? Basi muulize Odessa Pruitt wa Dayton, Ohio, mpiga gitaa la besi wa bendi ya Tanuri.

Mwaka 1976 Tanuri ilikuwa bendi ya muziki wa funki ya watu saba, wote vibarua wa viwandani, wakifanya mazoezi kwenye chumba cha chini ya kanisa kila Ijumaa. Siku moja, katikati ya wimbo mpya, akina mama wa kanisa wakashusha sahani za samaki wa kukaanga. Weee! Wapiga tarumbeta wakatupa vyombo, gitaa na kinanda nao wakafuata harufu kama paka. Akabaki Odessa na kaka yake Lavester, mpiga ngoma. Wakaendelea wawili tu, besi na ngoma, nzito kama nyundo ya mhunzi, mpaka wenzao waliporudi wakilamba vidole.

"Tuuache hivyo hivyo," Odessa akasema. "Nyie mle, sisi tupige."

Jumamosi wakaupeleka wimbo kwenye ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Hiyo ndiyo ilikuwa mahakama ya Dayton: watu wakitoka kwenda kununua soda, wimbo umekufa. Ulipofika pale walipobaki wawili, ukumbi mzima ukainua mkono mmoja juu, mamia wakizunguka kwa hatua moja kama mwili mmoja. Muuza soda mwenyewe aliacha meza!

Habari zikamfikia Bwana Haverty wa kampuni ya kurekodi. Akaja na mkataba, tiketi ya kumtoa Odessa kiwandani.

"Wimbo mtamu," akasema, "ila hapo katikati paondoke. Besi na ngoma peke yake? Watu watadhani redio zao zimeharibika!"

"Njoo Jumamosi uone wanavyoteleza."

"Dada, mimi siuzi viatu. Kata, usaini."

Lavester akamvuta pembeni. "Dada, hebu itazame mikono yako ilivyoota sugu. Saini tu, huku nyumbani tutapiga tunavyotaka."

Odessa akaitazama kweli. Kisha akairudisha kalamu. "Nikikata pale nimetupa moyo nikabakiza kucha. Sisaini."

"Utajuta," Haverty akasema.

"Nitajutia kwenye besi yangu."

Kampuni ikachukua bendi nyingine, iliyokubali kila mkasi. Picha zao zikabandikwa kwenye kila nguzo, redio ikawaimba asubuhi mpaka jioni. Miaka miwili tu, mvua ikazibandua picha, na nyimbo zikaenda nazo.

Tanuri nao walichapisha sahani chache za santuri kwa nguvu zao, kisha bendi ikavunjika. Odessa akarudi kiwandani, akakaa huko miaka ishirini na sita. Hakumbembeleza mtu. Lakini kila Jumamosi sahani ile iliwekwa ukumbini, na mikono ikapanda juu. Waliohama mji waliondoka nayo. Ikikwaruzika, mwenye nzima alitafutwa.

Asubuhi moja, nywele zake zikiwa nyeupe pe, simu ikalia. Alikuwa msichana mwanamuziki wa Atlanta, Shanterra.

"Mama Odessa? Jamani, miezi minane nakutafuta! Huku vijana wote tunajifunzia kwenu. Naomba ruhusa niweke sauti ya sahani yenu ndani ya wimbo wangu."

"Wimbo mzima, mwanangu?"

"Usinikasirikie, mama. Pale tu mnapobaki wawili. Kwingine kote sikuhitaji."

Odessa akacheka mpaka akatafuta kiti. Alipopata pumzi akampigia Lavester. "Kaka, njoo na samaki," akasema. "Safari hii tunakula sisi."

Haverty hakulala bila kutangaza, na leo hakuna anayeimba alichotangaza. Odessa alinyamaza tu, akakataa kukata. Kweli, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.