Njuga ya Senkondo

Arudiye bila kuitwa, kamba ya nini? Mmelisikia neno hili kwa mjomba wenu, mkanijia mbio kuuliza limetoka wapi. Sogeeni basi. Limetoka huku huku kwetu milimani Upare, na chanzo chake ni hiki.

Paliondokea mjane, Nakiete, na mwanawe Senkondo. Mwaka wa ukame Senkondo alifungulia maji ya mfereji wa kijiji siku isiyo zamu yake, shamba la jirani likakauka. Wazee wakamvisha njuga mguuni: asivuke kijito cha mpakani mwa kijiji mpaka yapite mavuno matatu, na akivuka, hesabu ianze upya. Senkondo akatulia. Watoto wakisikia njuga wakimtania, "Ngoma hiyo inapita, tukacheze." Naye akicheka nao.

Mavuno mawili yakapita. Ikaja masika kubwa, na bwawa la ng'ambo likabomoka. Watu wakapiga yowe. Senkondo akavuka na jembe lake, akashindilia udongo pamoja nao mpaka maji yakashika adabu. Jioni akarudi, tope hadi kifuani, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Mrutu, mkuu wa mfereji.

"Baba, nimevuka."

Hakuna aliyekuwa amemshtaki.

Baraza likakaa. Mzee Mrutu akasema sheria ni sheria, hesabu ianze upya. Nakiete alikuwa mzee, nguvu zinamwishia, na alijua wakianza upya yeye atazikwa kabla mwanawe hajafunguliwa njuga. Lakini hakulia. Akakaza shuka lake, akasimama.

"Wazee wangu, kitendawili."

"Tega," wakaitikia, wengine wakinong'onezana kwamba mama huyu naye na vitendawili vyake.

"Mbuzi wangu kakata kamba asubuhi, jioni namkuta mlangoni pangu. Nimfanyeje?"

Mzee Mrutu akakuna kidevu.

"Arudiye bila kuitwa," akasema polepole, "kamba ya nini?"

"Umekitegua mwenyewe, baba."

Njuga ikafunguliwa siku ile ile. Na sheria ikabadilishwa: aliyefungwa njuga akitulia apunguziwe muda, na avukaye kwenda kuokoa watu asihesabiwe kosa. Nakiete akarudi nyumbani mbele ya mwanawe, shingo juu, utadhani bwawa kalijenga yeye.

Vijiji vingine vilikuja kujifunza sheria hiyo kwetu, wajukuu zangu, na mpaka leo tunajivunia. Sisi mtu hatumpimi kwa urefu wa kifungo. Arudiye bila kuitwa, kamba ya nini?