Kiboko Aliyemeza Kitabu cha Sarufi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nani?
Na Kiboko, mdomo kama mlango wa ghala!
Na nani tena?
Na Fuko, macho kama mbegu za mchicha!
Mwongo nani?
Mwongo bibi, nasi tunaomsikiliza!

Haya, mmeitikia vizuri. Mwatumu, hiyo simu weka chini. Hadithi yenyewe ni ya simu, lakini haisikiki mtu akiwa ndani ya simu.

Zamani, wala si zamani sana, zamani za hizi hizi simu za kupangusa, wanyama wa Bwawa la Kisogo walikuwa na shamba moja la viazi vitamu. Walilima pamoja. Nungunungu alileta marando ya kupanda. Kanga aliparua magugu. Kobe alilinda mpaka, kwa kuwa hakuwa na haraka ya kwenda popote. Na matuta nani alichimba? Fuko. Tuta la kwanza Fuko, tuta la pili Fuko, tuta la arobaini Fuko, kuru kuru kuru, mpaka kucha zikamchakaa. Alikuwa mjane mwenye watoto saba, na watoto saba wa fuko wanakula kama mashine ya kusaga. Akikosa viazi vile, mvua za masika zitamkuta ghala tupu na watoto watalala na njaa. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, wala hakuwa na jingine.

Wanyama wakafungua kundi kwenye simu, wapashane habari za shamba. Msimamizi wa kundi wakamfanya Kiboko. Mtaniuliza, Kiboko alilima wapi? Hakulima. Lakini mgongo wake mpana, paneli ya sola ilikaa pale bila kuyumba, na kila mwenye simu alikwenda kuchaji kwake. Mwenye umeme ndiye mkubwa, hata huku kwetu ni hivyo hivyo.

Sasa Kiboko huyo alikuwa na maradhi. Siku moja mwalimu wa shule alikuwa akivuka mto, mkoba ukamponyoka, chubwi! Ndani mlikuwa na kitabu cha sarufi. Kiboko akakimeza, karatasi na jalada lake. Tangu siku hiyo kila akipiga mbweu, bweeeu, inatoka ngeli. Akataka aitwe Mwalimu. Kukisoma hakukisoma, alikimeza tu, lakini nani angethubutu kumwuliza?

Akaweka sheria mbili kundini. Ya kwanza, andiko lenye kosa si andiko, litarudishwa. Ya pili, andiko lisilo na kosa halifutwi na mtu yeyote, awe nani. Wanyama wakapiga makofi. Waliona ni kuiheshimu lugha, na mimi sisemi lugha isiheshimiwe, babu yenu marehemu alikuwa karani. Tumbili peke yake ndiye aliyeandika kwamba bora watu waelewane. Kiboko akamtoa kundini. Wengine wakauliza kama wanaweza kutuma sauti, akakataa. Sauti haina herufi, yeye atasahihisha nini?

Basi ikawa hivyo kila siku. Mnyama anaandika, ti ti ti. Kiboko anarudisha, bweeeu, rudia. Kundi linacheka, kwa kwa kwa. Anayefuata anaandika, ti ti ti. Kiboko anarudisha, bweeeu, rudia. Kundi linacheka, na aliyechekwa jana leo anacheka kuliko wote. Ila ujumbe ukiwa mbovu kupita kiasi, mbovu wa kunuka, Kiboko masikio yalimcheza na hakuweza kuuacha. Alikaa akauandika upya mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, akautuma watu waone msomi anavyoandika.

Siku moja Kanga akafiwa na mama yake. Akawaandikia wenzake huku analia, machozi yanadondokea kioo. Ujumbe ukafika na makosa manne.

Kiboko akajibu, "Makosa manne. Rudia."

Kanga akarudia. Akaambiwa yamebaki mawili, arudie. Mara ya tatu akanyamaza. Hakuna aliyempa pole, maana msiba wenyewe ulikuwa haujapokelewa, na kila mmoja aliogopa kuikosea hiyo pole akachekwa. Kanga aliumia sana, aliumia mpaka manyoya yakamnyonyoka shingoni. Alilia juu ya shimo la Fuko siku tatu. Fuko chini alikuwa anamsikia, akaliweka jambo lile moyoni.

Viazi vikakomaa, matuta yakapasuka. Alhamisi asubuhi, ting, ujumbe wa Kiboko ukaingia. Ulisema kwamba kuanzia Jumapili viazi vyote ni vyake, kwa kuwa shamba limepakana na maji yake. Kisha, aonekane mwenye haki, akaongeza kwamba pingamizi moja tu lisilo na kosa likiingia kundini kabla jua la Jumamosi halijatua, ataliacha shamba. Alipotuma akapiga mbweu na kuzama kucheka chini ya maji. Alijua hakimu wa makosa ni nani.

Nungunungu akapinga, ti ti ti. Bweeeu, rudia. Kobe akapinga, mstari mmoja siku nzima. Bweeeu, nukta imekaa upande, rudia. Fuko naye akapinga. Lakini ukucha wa kuchimba si ukucha wa kuandikia, akigusa herufi moja anagusa tatu, na kusoma alisoma kwa kuibandika pua kwenye kioo. Bweeeu, rudia. Fuko akaandika. Kiboko akarudisha. Fuko akaandika. Kiboko akarudisha. Kundi likacheka, kisha likaacha kucheka, kwa sababu viazi vilikuwa vyao pia.

Kufikia Ijumaa jioni wote walikuwa wamekata tamaa. Nungunungu akaja mlangoni kwa Fuko, akamshauri aache kujiaibisha. Akasema yeye afadhali akose viazi kuliko kuchekwa tena.

Fuko akamwambia, "Mimi afadhali nichekwe, wanangu wapate kula."

Akarudi kuandika. Aliandika mara ishirini na nane, alinihesabia bibi yangu aliyenihadithia. Zote zilirudi.

Jumamosi mchana Fuko akaiweka simu chini. Akakumbuka kilio cha Kanga. Akajiambia, yule Kiboko hasomi. Angekuwa anasoma angetoa pole. Yule anatafuta makosa tu, kama kuku anavyotafuta funza, na kuku akiona funza hata mwewe hamwoni. Mimi siku tatu najitahidi kuandika vizuri, kumbe napotea njia. Leo nitaandika vibaya.

Akangoja jua likaribie matete. Kisha akaishika simu akaandika kwa mikono miwili, akaandika kwa pua, akaandika kwa kisigino. Ukatoka ujumbe wa kutisha:

"shba lviaz nla wte wlolima mm kbko skulima kw hyo sna kiaz hta kmj nmeliach"

Chini yake akaomba radhi, kwamba amejaribu ameshindwa, na kwamba amesikia watu wakisema ujumbe kama huu hata Mwalimu mwenyewe hawezi kuunyosha.

Ting. Kiboko akaibuka, bwaa, maji yakamwagika mpaka kando. Masikio yakamcheza. Alisahau jua, alisahau viazi, alisahau hata kupumua. Aliona funza watupu. Akaanza kuandika, ti ti ti. Akafuta koma, akairudisha. Akabadili neno, akalinusa, akaliacha. Aliporidhika akatuma kwa jina lake, mbele ya kundi zima:

"Shamba la viazi ni la wote waliolilima. Mimi, Kiboko, sikulilima. Kwa hiyo sina kiazi hata kimoja. Nimeliacha."

Akaongeza kwa majivuno, "Hivyo ndivyo watu wanavyoandika. Nani anaona kosa?"

Wanyama wakainamia simu. Wakasoma. Wakasoma tena. Wa kwanza kujibu alikuwa Kobe, ambaye maishani hajawahi kuwa wa kwanza. Akaandika kwamba andiko halina kosa. Nungunungu akaandika halina. Kanga, aliyekuwa hajaandika neno tangu msiba wake, akaandika halina. Wakajibu wote mmoja mmoja, halina, halina, halina, na Kiboko akavimba kwa raha mpaka paneli ikainuka mgongoni.

Ndipo Fuko akaandika. Nyinyi nawanyooshea, yeye ujumbe aliuandika na makosa sita. Aliandika hivi, "Asante, Mwalimu. Sasa soma tena, ila safari hii soma maana."

Kiboko akasoma. Mbweu ikamkwama kooni. Akataka kufuta, wanyama wakamkumbusha sheria ya pili. Akataka kusema Fuko ndiye aliyeandika, lakini jina la juu lilikuwa lake, na kila koma ilikuwa yake.

Akalalamika, "Sikuwa na maana hiyo."

"Maana hatukuwahi kuulizana humu," Fuko akamjibu. "Wewe ndiye uliyetufundisha."

Jua likatua, tuu. Pingamizi lisilo na kosa lilikuwa limeingia kundini kwa wakati, na kosa halikuonekana hata na aliyeliandika.

Jumapili wakavuna. Fuko alibeba viazi tangu alfajiri mpaka adhuhuri, watoto saba nyuma yake, kila mmoja na kiazi kikubwa kumshinda. Paneli wakaihamishia juu ya lundo la udongo la Fuko, palipo na jua zuri kuliko mgongo wa mtu. Tumbili wakamrudisha. Na jioni ile Kanga akauandika upya ujumbe wa mama yake, makosa manne yale yale, hakugusa hata moja. Pole zikamiminika, ting ting ting, nyingine zimepinda, nyingine zimekatika katikati. Kanga alizisoma zote. Alilia tena, ila safari hii hakulia peke yake.

Kiboko mpaka leo mchana kutwa amejificha majini, ametoa pua tu. Watu wanasema anaogopa jua. Mimi nasema ana haya.

Na funzo la hadithi, mlishike sana. Wajukuu zangu, andikeni vizuri. Someni sarufi asubuhi na jioni, mpige na mbweu, msije mkaishia kama yule Fuko maskini, mstari mmoja makosa sita, na ghala limejaa viazi mpaka mlango haufungiki.

Uongo wangu umefika kituo. Ukiwa mtamu, gawaneni. Ukiwa na kosa, msiniletee mimi. Mpelekeeni Kiboko, yuko majini anangoja.