Ukuta wa Msikiti Uliokula Njia

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Sham palikuwa na mwashi mchamungu, jina lake Nadhir bin Saad. Mto ulipobomoa mtaa wa wafumaji, yeye ndiye aliyepewa amana ya kuwapimia mtaa mpya. Wakakubaliana wote kwamba njia iwe ya dhiraa nne, na kila mtu akajenga pale ilipopita kamba ya Nadhir.

Msikiti aliujenga yeye mwenyewe, bila ujira. Alipoona ndani itapungua safu moja ya waswalio, akausogeza ukuta wa nyuma dhiraa moja na nusu, ukaingia njiani. Nafsi ikamwambia, "Nani atakayemshitaki Mwenyezi Mungu?" Naye hakumwambia mtu.

Mwaka wa tatu mtaa ukapata msiba wake wa kwanza, akafariki muadhini. Jeneza likatolewa msikitini kwenda makaburini, na lilipofika kwenye kona ya ukuta wa nyuma wa msikiti likakwama. Wakalisukuma, wakalirudisha, wakaliinamisha, hata maiti akateleza na miguu ikatokeza nje ya sanda. Subhanallah! Watu wakapiga ukelele, wengine wakafumba macho kwa fedheha. Nadhir, aliyekuwa miongoni mwa wabebaji, akaifunika miguu ile kwa sanda.

"Nyumba ya Mungu haiwezi kula njia," akafoka mmoja wao. "Aliyekula ni huyu Umaima!"

Umaima alikuwa mjane mfumaji, nyumba yake ikitazamana na ukuta ule wa msikiti, ng'ambo ya njia. Wakaleta sururu waibomoe. Bibi yule akasimama mlangoni.

"Wanangu, nimejenga pale aliponipigia kamba Ustadhi Nadhir. Huyo hapo, muulizeni."

Nadhir alijua kwamba akinyamaza, nyumba itaanguka na heshima yake itabaki. Akasogea mbele.

"Amesema kweli. Aliyedhulumu ni mimi. Ukuta wa msikiti umo njiani, na niliuweka nikijua."

Imamu akashika ndevu zake. "Ewe Nadhir, wajua unalolisema? Tuvunje msikiti?"

"Tuvunje dhuluma yangu, maulana, ndugu yetu apate kupita."

Akachukua sururu, akapiga pigo la kwanza. Ukuta ukaanguka. Jeneza likapita.

Ijumaa iliyofuata safu moja ikakosa nafasi. Umaima akatandika mazulia yake kwenye baraza ya nyumba yake, akawakaribisha waswali pale. Kisha akamgeukia Nadhir.

"Mwanangu, ungaliniomba siku ile unapima, ningalikupa baraza hii. Mbona hukuniuliza?"

Nadhir akapigwa na butwaa kuliko siku ya jeneza. Miaka mitatu alikuwa amebeba dhambi kwa kitu ambacho angepewa kwa neno moja, na neno hilo halikuwahi kumpitia akilini.

Basi ndugu zangu, tuiogope ibada inayosimama juu ya haki ya jirani. Mola wetu ni Mkwasi, hana haja na njia ya maskini. Atujaalie tuulize kabla ya kupima, amin.