Kapu Limejaa Kome

Ndugu zangu, leo niwape habari ya mama mmoja mvunja kokoto. Jina lake Somoe. Asubuhi alishinda machimboni, kwenye mlima wa mawe ya chokaa. Maji yakipwa, alishuka pwani na wenzake kuchokoa kome, chaza na tondo, wale konokono wa mikokoni. Kwa kazi hizo mbili alilea watoto watatu.

Siku moja akaja mtafiti, dada mmoja wa chuo kikuu, akaomba aonyeshwe ukuta wa machimbo. Ulikuwa umejaa makombe yaliyogeuka mawe, maana zamani sana mlima ule ulikuwa sakafu ya bahari.

"Tazama huku chini, mama. Unaona aina ngapi?"

Somoe akahesabu. Ya duara, marefu, yenye miiba. Alipofika kumi na nne akachoka.

"Na huku juu?"

"Huku mbona ni mengi zaidi?"

"Ni mengi, ndiyo. Lakini aina ngapi?"

Somoe akakaza macho. Moja tu. Madogo kama kucha, yamebanana tabaka zima.

"Bahari ilipata joto," dada akaeleza. "Polepole, maelfu ya miaka. Hewa ikapungua majini. Wachache wagumu wakabaki, wakazaana, wakajaza nafasi za waliokufa. Ukitazama wingi peke yake, utasema palikuwa na neema."

Siku ile Somoe hakurudi kwenye nyundo. Alikwenda kwa wanawake wenzake, akamwaga kapu lake mkekani, akawaomba wachambue. Wakachambua. Kome watupu, tena wadogo. Chaza hakuna. Tondo hakuna.

"Si kapu limejaa?" akasema mmoja. "Unalia nini?"

Mwenyekiti wao akauliza, "Nani aliona kwanza?"

Somoe akasema, "Mimi. Mwaka wa tano huu. Tondo walipoanza kupotea niliona. Nikanyamaza, kwa kuwa kapu langu lilikuwa linajaa."

Mnadhani walimsifu kwa kusema kweli? Wawili walimtukana, wakaondoka. Mwenyekiti akasema joto la bahari hawawezi kulizima, lakini mikono yao wanaweza kuizuia. Wakafunga nusu ya ufuo mwaka mzima. Chaza wachache wakarudi. Tondo, mpaka leo, bado.

Na sisi je? Kila Ijumaa safu zinafika mlangoni, tunasema alhamdulillahi. Yule mzee asiyeona aliyekuwa akikaa karibu na nguzo, yuko wapi? Wale vijana wa gereji, mbona hawaji tena? Mjane aliyekuwa akitufagilia ua, nani amebisha hodi kwake?

Yupo kati yetu aliyeona walipoanza kukosekana, akanyamaza. Msigeuke kutazamana. Ni mimi, imamu wenu. Niliona tangu mfungo uliopita.

Tukimaliza swala naenda kwa yule mzee, nyuma ya kiwanda cha mbao. Nani anafuatana nami?